Hama Kabla ya Ijumaa: Notisi kwa Mpangaji Anayedaiwa Kodi

Karatasi ilikuwa imechanwa kutoka daftari la shule, ikakunjwa mara mbili na kuchomekwa kwenye kitasa. Ilikuwa na mistari miwili tu: UNA DENI LA MIEZI MIWILI. HAMA KABLA YA IJUMAA. Hapakuwa na tarehe, kiasi cha deni, jina la aliyeandika wala sahihi. Jirani yangu, fundi wa viatu anayekaa chumba cha nyuma katika ploti yetu hapa Eastlands, Nairobi, alinijia nayo Jumanne jioni. Kusoma anajua. Alitaka kuhakikishiwa jambo moja. "Mzee," akaniuliza, "hii ndiyo notisi yenyewe?"

Nilimwambia siyo. Jibu hilo fupi lina mkia mrefu, kwa sababu deni lilikuwa la kweli. Miezi miwili ilikuwa imepita bila kulipa. Mwenye nyumba alikuwa na haki ya kudai kodi yake, na hata ya kutaka chumba chake arudishiwe. Asichokuwa nacho ni uwezo wa kumtoa mtu kwa karatasi ile, wala kwa karatasi nyingine yoyote. Nchini Kenya notisi peke yake haimhamishi mpangaji. Inampa mwenye nyumba njia ya kumwendea mwenye mamlaka ya kuhamisha, naye ni mahakama au jopo la kodi. Ugomvi mwingi niliouona katika ploti za jiji hili huanzia hapo. Mwenye nyumba huandika notisi akidhani ameandika amri. Mpangaji huipokea akidhani ametukanwa, akaitupa. Wote wawili hupoteza siku ambazo sheria iliwapa ili wazungumze.

Kuhusu nani mwenye ruhusa ya kufunga mlango, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilishatamka zamani. Katika kesi ya mwaka 1996 kati ya Gusii Mwalimu Investment na wenzake kwa upande mmoja na Mwalimu Hotel Kisii kwa upande wa pili, majaji walieleza kwamba mpangaji asipokubali kutoka kwa hiari yake, mwenye nyumba lazima apate amri ya mahakama au ya jopo lililowekwa na sheria ndipo arudishiwe jengo lake. Haijalishi deni ni kubwa kiasi gani. Haijalishi mkataba umekwisha. Majaji waliona hatari ya kumwachia kila mwenye jengo ajitwalie haki kwa mkono wake, maana mitaa ingetawaliwa na mwenye nguvu. Zaidi ya robo karne imepita tangu uamuzi huo. Bado keyateka, msimamizi wa ploti, hutumwa akiwa na kufuli tarehe 6 ya mwezi, bado milango hung'olewa na mabati huvuliwa huku watoto wakiwa ndani, na bado umeme na maji hukatwa ili mtu "ajitoe mwenyewe". Hayo yote yako nje ya sheria, na mwenye nyumba anayeyafanya huweza kujikuta yeye ndiye mdaiwa wa fidia, ilhali mwanzo alikuwa mdai mwenye haki.

Basi notisi halali ni ipi? Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa kuwa Kenya haina sheria moja ya upangaji. Zipo kadhaa, za enzi tofauti, na kila moja ina notisi yake. Kabla ya kushika kalamu, mwenye nyumba anapaswa kujiuliza: nimempangisha mtu huyu nini, na kwa mkataba gani?

Sheria kongwe kwa nyumba za kuishi ni Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, iliyotungwa mwaka 1959, kabla ya Uhuru. Sheria hii inamlinda mpangaji kwa namna ya kipekee. Jopo haliwezi kutoa amri ya kumtoa ila kwa sababu zilizotajwa katika kifungu cha 14, na ya kwanza kati ya hizo ni kodi halali ambayo haijalipwa. Hata sababu hiyo ikithibitishwa, jopo linatakiwa pia liridhike kwamba ni jambo la haki kumtoa mtu huyo. Mtu aliyelazwa hospitalini mwezi mzima hatazamwi sawa na aliyehamishia pesa ya kodi kwenye kamari. Sheria hiyohiyo inafanya kuwa kosa la jinai kumsumbua mpangaji kwa nia ya kumlazimisha ahame.

Tatizo ni nani hasa anayelindwa. Ulinzi huu unahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na sheria inaipima kodi hiyo kwa kutazama hali ilivyokuwa tarehe 1 Januari 1981. Mwaka huo shilingi 2,500 ilipangisha nyumba ya mtu mwenye kazi nzuri ofisini. Leo, katika mitaa mingi ya Nairobi na Mombasa, kiasi hicho hakikupi hata chumba kimoja chenye choo cha kushirikiana, na ukikipata kitakuwa cha mabati. Bunge halikulifuta jopo. Liliacha tu tarakimu isimame wakati bei zikipanda, na kila mwaka maelfu ya wapangaji wa kima cha chini wakatoka nje ya ulinzi bila kuhama hata hatua moja. Fundi wa viatu niliyemtaja hulipa shilingi 4,500. Hata mtu akimwonea huruma vipi, yuko nje ya ulinzi huo.

Kwa nyumba ya kuishi iliyo juu ya kiwango hicho, ambako mtu analipa mwezi kwa mwezi bila mkataba wa muda maalumu, sheria inayotumika ni Sheria ya Ardhi ya 2012. Kifungu cha 57 kinasema jambo ambalo laiti lingebandikwa kwenye lango la kila ploti. Upangaji wa kipindi kwa kipindi huweza kukomeshwa na upande wowote kwa notisi isiyopungua kipindi kimoja cha kodi, na notisi hiyo iishie siku ya kulipa kodi. Ukilipa kwa mwezi, notisi ni mwezi. Ukilipa kwa juma, notisi ni juma. Kama mkataba wenu wa maandishi unataja muda mrefu zaidi, fuateni mkataba.

Maneno "iishie siku ya kulipa kodi" huangusha notisi nyingi. Tuseme kodi hulipwa tarehe 5 ya kila mwezi na mwenye nyumba amekabidhi notisi tarehe 28 Julai. Wengi wangehesabu mwezi kwa vidole na kuandika 28 Agosti. Siku hiyo si ya kulipa kodi, kwa hiyo hesabu imekosewa. Tarehe 5 Agosti nayo ni ya kulipa kodi, lakini iko siku nane tu mbele, haitimizi mwezi. Siku sahihi ni 5 Septemba. Mwenye nyumba atalalamika kwamba amepoteza juma zima, na ni kweli amelipoteza. Lakini akiandika tarehe isiyo sahihi halafu kesi ikafika kwa hakimu miezi mitatu baadaye, huenda akaambiwa aanze upya, na hapo hasara yake ni miezi, si juma.

Kwa hiyo nawashauri wenye nyumba watenganishe barua mbili wanazopenda kuzichanganya. Ya kwanza ni barua ya madai. Inataja deni, miezi ambayo haikulipwa, namna ya kulipa na siku ya mwisho. Haimwambii mtu ahame. Itumwe mapema, deni likiwa la mwezi mmoja, maana mtu mwenye kipato cha siku kwa siku anaweza kuziba pengo la mwezi mmoja lakini la miezi minne humshinda, na akishashindwa huacha kujaribu. Ya pili ni notisi ya kuhama, na hii huja pale madai yamepuuzwa. Maneno yake hayahitaji kuwa magumu wala ya kisheria. Kwa mfano wetu wa juu, kwa chumba cha shilingi 9,000, ingetosha kuandika hivi:

"Tarehe 28 Julai 2025. Kwa mpangaji wa chumba nambari 7. Kodi ya chumba hiki ni shilingi 9,000 kwa mwezi, inayolipwa tarehe 5. Hadi leo sijapokea kodi ya Juni, shilingi 9,000, wala ya Julai, shilingi 9,000. Jumla ni shilingi 18,000. Kwa barua hii nakupa notisi kwamba upangaji wako wa mwezi kwa mwezi utakoma tarehe 5 Septemba 2025, na siku hiyo utatakiwa kunirudishia chumba. Ukilipa deni lote kufikia tarehe 15 Agosti, nitaiondoa notisi hii kwa maandishi. Usipolipa na usipohama, nitaomba amri ya mahakama."

Chini yake jina, sahihi na nambari ya simu. Nakala moja ibaki kwa mwenye nyumba, nayo iwe na sahihi ya mpangaji kuonyesha ameipokea. Akikataa kutia sahihi, asishikwe shati. Mpelekee mbele ya shahidi mtu mzima, shahidi huyo aandike tarehe na saa, basi. Mzee wa mtaa au chifu anaweza kuwa shahidi mzuri, na mara nyingi ndiye anayewapatanisha. Lakini hana mamlaka ya kumwamuru mtu atoke, na barua yenye muhuri wake haichukui nafasi ya amri ya mahakama. Nalisema kwa sababu nimeona wapangaji wakifunga virago kwa hofu ya muhuri.

Tarehe 5 Septemba ikifika na mpangaji yuko palepale, mwenye nyumba anaelekea mahakamani: kwa hakimu mwenye mamlaka ya kesi za ardhi au katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kutegemea thamani ya shauri. Hapo ndipo karatasi zake hupimwa. Daftari la kodi, vitabu vya risiti na ujumbe wa M-Pesa vina uzito kuliko maneno matamu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, malipo mengi ya kodi yameacha alama katika simu za pande zote mbili, na ugomvi wa "nilikulipa" na "hukunilipa" umepata dawa. Lakini dawa hiyo haifanyi kazi pale keyateka anapopokea pesa taslimu bila risiti, au pale kodi inapotumwa kwa nambari ya mtoto wa mwenye nyumba na hakuna anayeandika ni ya mwezi gani.

Niongeze neno juu ya malipo ya nusu. Mpangaji aliyepewa notisi hutuma shilingi 3,000, mwenye nyumba hupokea, kisha kila mmoja hutafsiri pesa ile anavyotaka. Mmoja anaona amesamehewa, mwingine anaona amepunguziwa deni tu. Pesa ikipokewa, iandikwe siku hiyohiyo ni ya mwezi upi, deni limebaki kiasi gani, na kama notisi inaendelea au imeondolewa. Ujumbe wa mistari mitatu kwa simu unatosha kuzuia kesi ya mwaka mzima.

Mambo hubadilika kabisa pale kilichopangishwa ni duka, kinyozi, hoteli, kibanda cha chakula au mahali popote pa kuuzia bidhaa au huduma. Hapa tunaingia katika Sura ya 301, sheria ya mwaka 1965 inayohusu wapangaji wa maduka, hoteli na sehemu za kuuzia chakula. Ilitungwa miaka miwili baada ya Uhuru, na shabaha yake iko wazi: mfanyabiashara aliyejenga wateja mahali fulani asing'olewe kwa ghafla na mwenye jengo anayeyatamani mafanikio yake. Inamlinda mpangaji ambaye upangaji wake haukuandikwa, au umeandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, au mkataba wake unaruhusu kuvunjwa ndani ya miaka mitano kwa sababu isiyokuwa ya kukiuka masharti. Ajabu ya sheria hii ni kwamba muuza mitumba asiye na karatasi hata moja amelindwa kuliko mwenye duka kubwa aliyetia sahihi mkataba wa miaka sita.

Notisi ya Sura ya 301 si barua ya kawaida. Ni fomu iliyowekwa na sheria, ile ambayo mawakili huiita Fomu A. Lazima itaje sababu ya kukomesha upangaji. Lazima imtake mpangaji ajibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama anakubali au anakataa. Na haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi miwili kupita tangu ipokewe. Kwa deni la kodi, kifungu cha 7 kinatambua sababu hii pale mpangaji anapokaa miezi miwili baada ya kodi kuiva bila kulipa, au anapokuwa mchelewaji wa kudumu. Mtu aliyechelewa siku kumi mara moja hajafika huko.

Sheria imetaja hata mikono inayoweza kuipokea notisi hiyo: mpangaji mwenyewe, mtu mzima wa familia yake, mfanyakazi anayekaa au kuajiriwa katika jengo hilo, mwajiri wa mpangaji, au posta kwa barua ya rejista kwenye anwani yake ya mwisho inayojulikana. WhatsApp haimo. Sisemi ujumbe wa simu hauna maana, maana unaweza kuthibitisha kwamba mtu alijua. Nasema tu kwamba mwenye jengo anayetegemea picha ya notisi iliyotumwa kwa simu amejijengea nyumba juu ya mchanga, na wakili wa upande wa pili ataanza kuchimba hapohapo.

Mahakama zimekuwa kali katika jambo hili. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya duka la Diani Boutique huko pwani ya kusini dhidi ya South Coast Fitness and Sports Centre, na ikashikilia kwamba upangaji unaolindwa na Sura ya 301 hukomeshwa kwa utaratibu wa sheria hiyo tu. Notisi isiyofuata utaratibu huo haina nguvu hata kama deni lipo, hata kama mpangaji aliielewa vizuri. Wenye majengo huona huu ni ubishi wa wanasheria. Mimi naona ni sawa. Mwenye jengo ndiye anayeanzisha safari ya kumwondolea mwenzake riziki, na si mzigo mkubwa kumtaka aipate fomu na kuijaza.

Mpangaji naye ana kazi, na hapa ndipo wengi hupoteza maduka yao. Akipinga notisi, amjibu mwenye jengo kwa maandishi ndani ya mwezi ule, kisha apeleke malalamiko katika Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya siku iliyotajwa katika notisi. Akifanya hivyo, notisi inasimama hadi jopo litoe uamuzi. Asipofanya, siku ikifika notisi inaanza kazi kama ilivyoandikwa. Kukaa kimya ukiamini kwamba "hawawezi kunitoa" ni kosa kubwa. Sheria inamlinda anayejibu.

Kuna njia nyingine ya kudai kodi inayoogopwa kuliko notisi, nayo ni kukamatiwa mali. Sheria yake ni Sura ya 293. Mwenye nyumba humtuma dalali mwenye leseni, dalali huorodhesha vitu, humpa mdaiwa siku 14 za kulipa, kisha huviuza. (Msomaji wa Dar es Salaam asishtuke. Kwake dalali ni mtu anayekutafutia chumba na kuchukua kodi ya mwezi mmoja kama ujira. Nairobi dalali ndiye anayebeba televisheni yako.) Kwa nyumba na maduka yaliyo chini ya majopo, ruhusa ya jopo inatakiwa kwanza. Na kote, wale vijana wanne wanaokuja usiku na pikapiki bila karatasi si madalali wa sheria, ni wezi wenye kisingizio cha deni.

Wenye nyumba wengi hawajui kwamba kukamata mali na kukomesha upangaji ni njia mbili zinazokinzana. Anayekamata mali kwa ajili ya kodi anasema, kwa kitendo chake, kwamba huyu bado ni mpangaji wangu na ninamdai. Anayetoa notisi ya kuhama anasema upangaji unakwisha. Ukiyafanya yote mawili kwa wiki moja, umempa wakili wa mpangaji swali zuri la kukuuliza kizimbani. Chagua unataka nini. Kama ni pesa, dai pesa. Sheria ya ukomo wa mashauri inakupa miaka sita tangu kodi ilipoiva, na deni haliondoki na mpangaji anapobeba godoro lake. Kama ni chumba, fuata notisi, na uwe tayari kwamba huenda pesa ukaipata baadaye au usiipate.

Mikataba mirefu ya ofisi na maghala ina mawakili wake, nami sitakaa nayo. Itoshe kusema kwamba kifungu cha 75 cha Sheria ya Ardhi kinataka notisi isiyopungua siku 30, inayoeleza kosa na kumpa mpangaji nafasi ya kulirekebisha, na kwamba mahakama ina uwezo wa kumrudishia mkataba mtu aliyechelewa lakini akalipa.

Tanzania tatizo hili lina sura nyingine, kwa sababu wapangaji wengi wa mijini hutakiwa kulipa miezi sita au mwaka mzima mbele. Deni la polepole la mwezi kwa mwezi halipo sana. Badala yake muda uliolipiwa unakwisha na mpangaji hana rundo la pesa la kuanza upya. Sheria ya kudhibiti kodi ya huko ilifutwa mwaka 2005, na migogoro ya nyumba leo huangukia Sheria ya Ardhi ya 1999 na Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya, yaliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2002. Tangu marekebisho ya 2021, baraza la kata husuluhisha tu, haliamui, lakini shauri lazima lipitie huko kabla ya kufika wilayani, nalo lina siku 30 za kujaribu. Napenda mpango huo wa kupatanisha kwanza. Kenya hatuna kitu cha namna hiyo kwa mpangaji wa shilingi 4,500. Ana mahakama tu, na mahakama inataka nauli, ada na siku za kazi ambazo fundi wa viatu hana.

Nisieleweke kwamba mwenye nyumba daima ni tajiri anayenyanyasa. Katika ploti nyingi za Eastlands mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu au mjane aliyejenga vyumba kumi kwa mkopo wa sacco, na sacco haimuulizi kama wapangaji wamelipa. Wapo wapangaji wanaozima simu tarehe 4 na kuiwasha tarehe 12, wanaohama usiku, wanaojua kila pengo la sheria na kulitumia kukaa bure miezi minane. Mtu wa namna hiyo anamwibia mjane, na anawaharibia wapangaji waaminifu, kwa kuwa mwenye nyumba aliyechomwa huongeza dipoziti kwa anayefuata. Dawa ya deni ni kulipa, na asiyeweza kulipa leo ana wajibu wa kusema leo. Lakini wenye nyumba nao wajichunguze. Baadhi huogopa mahakama kwa sababu hawajawahi kutoa risiti wala kulipa kodi ya mapato ya nyumba, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi wanayokusanya kama mapato yao kwa mwaka ni kati ya shilingi 288,000 na milioni 15. Anayejificha kwa serikali hawezi kuiendea serikali imsaidie. Ndipo kufuli linapoonekana rahisi.

Jirani yangu hakutoka Ijumaa ile. Tulikwenda pamoja kwa mwenye nyumba, mama mtu mzima anayekaa ghorofa ya juu, tukiwa na shilingi 3,000 na karatasi iliyosema kila Jumamosi atapokea shilingi 1,500 juu ya kodi ya kawaida. Mama aliisoma, akakubali, akatia sahihi. Aliniambia kwamba mtoto wake ndiye aliyeandika ile ya mlangoni, na kwamba yeye hakuwa akijua sheria inasemaje. Namsadiki. Sheria za Sura ya 293, 296 na 301 zimetawanyika, ni za lugha ya Kiingereza cha mawakili, na hakuna aliyezileta katika ploti kwa lugha ambayo mama huyo anaitumia.

Muswada wa Mwenye Nyumba na Mpangaji wa 2021 ulikusudia kuziunganisha sheria hizo tatu kuwa moja. Haukuwa sheria. Wabunge walio na wapangaji katika kila wadi wanakoomba kura wanapaswa kuurudisha mezani, wautafsiri kwa Kiswahili kabla ya kuupitisha, waweke ndani yake usuluhishi wa mtaani usiotozwa ada, na waondoe ile tarakimu ya shilingi 2,500.